Nani alibeba begi la Seve?

Ijumaa jioni pale klabu ya Muthaiga, Nairobi, siku ya pili ya mashindano ya gofu ya Kenya Open, nilisimama kando ya kamba kwenye grini ya mwisho, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, na mzee mmoja ambaye sikumjua. Alikuwa amevaa kofia ya mashindano ya miaka ya nyuma, imepauka mpaka maandishi hayasomeki. Kila mchezaji akiinama kusoma grini, mzee anasema kwa sauti ya chini mpira utaenda wapi. "Huyu anaona unakata kulia. Haukati. Utanyooka, alafu mwisho mwisho ukatize kushoto." Na mpira unanyooka, alafu mwisho mwisho unakatiza kushoto. Anakuja mwingine, Mzungu mrefu na kedi wake anayembebea begi na kile kijitabu cha ramani za grini, wanainama, wanahesabu, wanazunguka shimo, mzee anasema "ataacha mfupi," na kweli mpira ukasimama kabla ya shimo.

Nikaacha kuangalia wachezaji nikawa namsikiliza yeye.

Alafu akaja pro wetu, yaani mchezaji wa kulipwa, Mkenya. Alihitaji kuingiza ule mpira ndo abaki juu ya mstari wa kufuzu, na kila mtu pale kwa kamba alijua hesabu hiyo, hata watoto walinyamaza. Mzee hakusema kitu. Mpira ukapita pembeni kabisa ya shimo. Jamaa akavua kofia, akawapa wenzake mkono, na wikendi yake ikaishia hapo, kwa sababu ukikosa kufuzu Ijumaa huchezi Jumamosi na hupati hata senti ya zawadi.

Nikamuuliza, mzee, mbona huyu hukusema mpira utaenda wapi?

"Huyu nilikuwa namwombea."

Tukaongea kidogo. Amebeba mabegi tangu akiwa kijana, klabu tofauti tofauti za Nairobi. Nikamuuliza kama na yeye anacheza. Akasema alicheza sana zamani, siku za Jumatatu, klabu nyingine siyo hii. Akaangalia saa, akaniaga vizuri, akaenda kutafuta matatu.

Hiyo "Jumatatu" imekaa kichwani mwangu wiki nyingi sasa.

Orodha

Nyumbani nilifungua orodha ya washindi. Ni kitu ninachokipenda, nimeisoma mara nyingi, lakini safari hii niliisoma polepole jina kwa jina.

1967, mwaka wa kwanza, Guy Wolstenholme wa Uingereza. 1968 na 1969 Maurice Bembridge, alafu Bembridge huyo huyo tena 1979, na mtu asidhani alikuwa mchezaji mdogo, ndo yule aliyemaliza kwa mipigo 64 raundi ya mwisho ya Masters 1974, yale mashindano makubwa ya Marekani, akafikia rekodi ya uwanja wa Augusta. 1978 Seve Ballesteros wa Uhispania. 1981 Brian Barnes, aliyempiga Jack Nicklaus, bingwa mkubwa wa Marekani, mara mbili siku moja kwenye Ryder Cup ya 1975, ile ya timu dhidi ya Wamarekani. 1984 José María Cañizares. 1986 Ian Woosnam, ambaye miaka mitano baadaye alivaa koti la kijani la mshindi wa Masters. 2000 Trevor Immelman, naye akalivaa 2008. 2007 Edoardo Molinari. 2017 Aaron Rai. 2022 Ashun Wu kutoka Uchina. 2025 Jacques Kruyswijk wa Afrika Kusini.

Zaidi ya nusu karne ya majina.

Hakuna Mkenya. Hakuna Mganda wala Mtanzania.

Najua hii siyo habari mpya, kila mwaka mashindano yakikaribia magazeti yanaandika "je, mwaka huu ndo mwaka?" na baada ya Ijumaa yanaacha kuuliza. Kilichonisumbua mimi ni kingine. Ni kwamba pale kwa kamba nilisimama na mtu anayeijua ile grini kuliko vijitabu vyote vya Ulaya, na huo ujuzi wake wote haujawahi kuingia kwenye orodha hii hata kwa njia ya mkato.

1998

Mkenya aliyekaribia zaidi kushinda alikuwa Jacob Okello. 1998 alimaliza wa pili nyuma ya Ricardo González wa Argentina. Wa pili! Wale waliokuwepo bado wanasimulia, na ukikaa na wazee wa gofu wa nchi hii jioni yoyote ile, hiyo 1998 itatajwa kabla chai haijapoa.

Ninachofikiria sana ni kilichofuata. González aliondoka hapa akaendelea kupanda, na 2001 akashinda European Masters kule Uswisi milimani. Okello alibaki, akacheza hapa nyumbani miaka mingi, akaheshimika, akawa jina ambalo kila pro mdogo analijua. Wiki moja waliachana kidogo tu kwenye nyasi zile zile, alafu kila mmoja akashika njia yake na njia hizo hazikukutana tena.

Na kuna hesabu nyingine inayouma. 1998 Kenya Open ilikuwa kwenye Challenge Tour, yaani daraja la pili la Ulaya. Iliingia huko 1991. Kabla ya hapo, miaka ya 70 na 80, ilikuwa sehemu ya ule mzunguko wa Safari, mapro wa Uingereza na Ulaya wanakimbia baridi ya kwao wanakuja Kenya, Nigeria, Zambia, Ivory Coast, wanacheza wiki kadhaa kwenye jua, wanatengeneza pesa kidogo, alafu wanarudi msimu wao ukianza. Mzunguko ule ulififia. Kenya Open ikabaki imesimama, na hilo ni jambo la kujivunia kabisa, watu walilipigania, wadhamini walikuja wakaenda lakini mashindano hayakufa.

Alafu 2019 tukapanda European Tour yenyewe, daraja la juu, pale klabu ya Karen, Nairobi, zawadi ikafika euro milioni 1.1, Guido Migliozzi wa Italia akachukua. 2020 corona ikatuzuia siku chache kabla ya kuanza. 2021 tukalipwa mara mbili, wiki mbili mfululizo Karen bila mashabiki, Justin Harding akachukua Kenya Open Jumapili, na Ijumaa iliyofuata Daniel van Tonder akachukua Savannah Classic, wote wa Afrika Kusini. 2024 zawadi ilikuwa dola milioni 2.5 na mshindi, Darius van Driel wa Uholanzi, akaondoka na dola 425,000, ambazo kwa pesa yetu ni zaidi ya shilingi milioni 50.

Nilifurahi kila tulipopanda. Bado nafurahi. Lakini kila hatua tuliyopanda, wageni waliokuja walikuwa wakali zaidi, na mlango ambao Okello alikaribia kuupita ukawa mwembamba zaidi. Mashindano yalikua haraka kuliko wachezaji wetu, na sijaona mtu akilisema hili waziwazi kwenye zile hotuba za kutoa kombe.

Lakini Boston je?

Hapa nikajipinga mwenyewe, na pingamizi hili lilinikalisha siku nyingi.

Ibrahim Hussein alishinda Boston Marathon 1988, Mwafrika wa kwanza kushinda mbio zile. Tangu hapo Wakenya tumeichukua ile barabara kama ya kwetu. Mmarekani wa mwisho kushinda kwa wanaume kabla ya hapo alikuwa Greg Meyer 1983, na wakangoja mpaka 2014 Meb Keflezighi aliposhinda. Miaka 31. Je, watu wa Boston walisema mbio siyo zao? Hapana. Walijaa barabarani kila Aprili wakitushangilia sisi. Wimbledon nayo, Fred Perry 1936, alafu hakuna mwanamume wa Uingereza aliyechukua taji la mchezaji mmoja mmoja mpaka Andy Murray 2013, na hakuna aliyesema Wimbledon siyo ya Waingereza.

Kwa hivyo labda nadai kitu kisicho na maana? Labda kuwa mwenyeji mzuri kunatosha, uandae uwanja, uwape watu chakula, umshangilie anayeshinda, na jina la nchi likae kwenye runinga za dunia siku nne.

Nilikaribia kuishia hapo. Kusema kweli makala hii ilikuwa ife.

Kilichonirudisha ni barabara yenyewe. Ile barabara ya Boston mtoto wa pale anatoka nyumbani na viatu anaikimbia siku yoyote anayotaka, Jumanne asubuhi, Krismasi, usiku. Hakuna geti. Hata Ibrahim Hussein hakukuta geti pale barabarani. Mtoto wa kutoka Mathare au Huruma hawezi kutembea akaingia Muthaiga na mpira mfukoni, na ni karibu hapo tu. Ataingia kama amebeba begi la mtu. Kushindwa na mgeni kwenye barabara yako ni jambo moja. Kushindwa kwenye uwanja ambao miaka yote uliingia ukiwa umebeba mzigo wa mwingine, hilo ni jambo lingine, na sidhani Boston inalijua.

Na msinielewe vibaya, historia ya geti hilo tunaijua wote, sitairudia sana. Nairobi ilikuwa na klabu ya gofu 1906, ikaitwa Royal 1935, na leo iko pale imepakana na Kibera. Karen ilianza 1937 kwenye ardhi iliyokuwa shamba la kahawa la Karen Blixen. Mwafrika wa miaka ile aliingia uwanjani kama kedi au mkata nyasi, na uhuru ulikuja 1963, na 1967, miaka minne tu baadaye, tukaanza Open. Miaka minne haitoshi hata kumfundisha mtoto kushika fimbo vizuri.

Hata nyasi, mnajua? Ile nyasi inaitwa kikuyu dunia nzima, ni ya nyanda zetu za juu. Imepandwa mpaka Los Angeles, pale Riviera, na mabingwa wa Marekani wanalalamika jinsi mpira unavyozama ndani yake. Nyasi yetu imefika huko miaka mingi.

Jumatatu

Basi nikatengeneza nadharia yangu, na ilikuwa rahisi. Tatizo ni Jumatatu.

Kwa wasiojua, klabu nyingi za hapa zina siku ya makedi, mara nyingi Jumatatu, wanachama wanapumzika na makedi wanaruhusiwa kucheza. Mapro wengi wa Kenya walitokea hapo. Walianza watoto, wakibeba begi refu kuliko wao, wakaona jinsi daktari na wakili wanavyopiga, wakarudi nyumbani wakaiga kwa fimbo ya mti, alafu Jumatatu wakajaribu kwa fimbo ya kuazima ambayo imetengenezwa kwa mtu mrefu kuwapita kwa futi moja. Siku moja kwa wiki. Mwenzako wa Uhispania au Afrika Kusini anapiga mipira mia tano kila siku tangu ana miaka kumi, wewe una Jumatatu, na mvua ikinyesha Jumatatu basi wiki imeenda.

Nikaridhika na nadharia hiyo. Ilieleza kila kitu.

Alafu nikarudi kwa jina la 1978, na Seve akaibomoa.

Kijana wa Pedreña

Seve Ballesteros alikuwa kedi.

Alizaliwa Pedreña, kijiji cha wavuvi na wakulima kaskazini ya Uhispania, na pembeni ya kijiji kulikuwa na klabu ya matajiri. Alianza kubeba mabegi akiwa mtoto mdogo. Kaka yake alimpa fimbo moja tu, chuma namba tatu, na hiyo fimbo moja ndo ilikuwa shule yake, alikuwa anapiga mipira kwenye mchanga wa ufuo masaa na masaa, karibu, mbali, juu, chini, vyote kwa fimbo ile ile. Na makedi wa klabu ile waliruhusiwa kucheza uwanjani mara moja kwa mwaka, siku ya mashindano yao. Mara moja kwa mwaka! Siku nyingine zote alikuwa anaingia kwa kuiba, jioni, usiku kwenye mbalamwezi.

Kwa hivyo makedi wetu na Jumatatu yao walikuwa na siku nyingi kuliko Seve.

Kijana huyo wa kuingia kwa kuiba alikuja Nairobi Machi 1978, hajafikisha miaka 21, akashinda Kenya Open. Mwaka uliofuata akashinda Open ya Uingereza pale Royal Lytham, alafu Masters 1980 na 1983, na Open mbili zaidi, 1984 na 1988. Alifariki 2011 na Uhispania nzima ikasimama.

Yaani kedi ameshawahi kushinda Kenya Open. Tayari. Zamani sana. Ila alikuwa kedi wa kwingine.

Nilipofika hapa nilifunga kompyuta nikatembea mpaka dukani na kurudi, kwa sababu sasa swali lilikuwa gumu zaidi. Kama geti peke yake lingekuwa jibu, Seve asingetokea. Yeye alikuwa na nini ambacho yule mzee wa kamba hakuwa nacho?

Kipaji, ndiyo, sikatai, Seve alikuwa na kipaji ambacho hata Uhispania haijakiona tena. Lakini angalia waliomzunguka. Mjomba wake, Ramón Sota, alikuwa pro na alimaliza wa sita kwenye Masters ya 1965. Kaka zake watatu wote walikuwa mapro. Yaani mtoto alikuwa anakula chakula cha jioni na watu waliokwishapita geti, wakajua bei ya tiketi, wakajua unalala wapi, wakajua raundi mbaya siyo mwisho wa maisha. Na mwanachama mmoja wa ile klabu, daktari, alimsaidia na pesa za kuanza kusafiri na kucheza.

Hapo ndo nikaona kitu.

Pesa za kushindwa

Tunazungumza sana kuhusu pesa za kushinda. Milioni 50. Dola 425,000. Zinaandikwa kwenye ubao mkubwa zinapigwa picha.

Gofu inataka pesa za kushindwa.

Fikiria pro wa hapa ambaye ni mzuri kweli. Ili awe tayari kwa wiki ile ya Muthaiga anatakiwa awe amecheza wiki ishirini za namna hiyo kwingine, na wachezaji wa kiwango hicho, kwenye grini za kasi hiyo, na nyingi kati ya hizo atakosa kufuzu kwa sababu ndo anajifunza. Kila anapokosa kufuzu amelipa ndege, hoteli, kedi, ada ya kuingia, chakula, na amerudi na sifuri. Mchezaji wa mpira akikaa benchi analipwa mshahara. Huyu akishindwa anadaiwa. Na ana watoto, na ana mama kijijini anayeuliza hiyo kazi ni ya aina gani. Kwa hivyo anarudi klabuni kufundisha wanachama kwa saa, kwa sababu hiyo pesa ni ya uhakika, na kila saa anayofundisha mtu mwingine kupiga ni saa ambayo yeye hapigi. Alafu wiki ya Open inafika, tunajaa kwa kamba, tunamwangalia Ijumaa jioni na mpira wa kuamua maisha, anakosa kidogo, na tunasema Wakenya hawawezi presha.

Presha gani? Yule Mzungu mrefu akikosa ana wiki ijayo, na wiki inayofuata. Wetu anangoja mwaka mzima.

Nikaanza kuisoma ile orodha upya nikimtafuta mtu aliyelipa. Na karibu kila jina ninalolijua kwa undani, yupo mtu huyo.

Aaron Rai, 2017, pale pale Muthaiga. Mama yake alikulia hapa Kenya kabla ya kuhamia Uingereza, kwa hivyo ni mtu wetu kidogo, na mimi nilimshangilia hivyo. Familia haikuwa tajiri. Baba aliacha kazi ili amfundishe mtoto, akamnunulia fimbo za bei ambayo hawakuiweza, na baada ya kila mazoezi alikuwa anasafisha kila mfereji wa kila fimbo kwa pini na mafuta ya mtoto, alafu anazivisha vifuniko. Mpaka leo Rai anavisha fimbo zake za chuma vifuniko, kitu ambacho mapro wengine hawafanyi, kwa heshima ya baba yake. Mwaka ule wa 2017 alishinda mara tatu kwenye Challenge Tour akapanda, na 2024 akashinda Wyndham Championship kule Marekani.

Waafrika Kusini, ambao wamejaa kwenye orodha hii, wana Sunshine Tour ya kwao, mashindano mwaka mzima, unaweza kushindwa karibu na nyumbani kwa gharama ya petroli. Wana mfuko wa Ernie Els, bingwa wa gofu wa kwao, unaochukua watoto wenye kipaji ambao wazazi hawana uwezo. Louis Oosthuizen, mtoto wa mkulima, alilelewa na mfuko huo, na 2010 akashinda Open ya Uingereza pale St Andrews.

Kwa hivyo sioni tena kama ni suala la Jumatatu peke yake. Jumatatu inakupa mkono. Haikupi miaka mitano ya kupigwa ugenini huku mtu mwingine akilipa kodi ya nyumba.

Na kuna mambo yanayoanza kubadilika, lazima niseme, ili nisiwanyime haki wanaofanya kazi. Miaka ya karibuni tumekuwa na Safari Tour mpya, mfululizo wa mashindano wa hapa nyumbani uliowapa mapro wetu na majirani nafasi ya kushindania tiketi za kuingia Kenya Open, na nafurahi kwamba jina lile lile la miaka ya wageni kukimbia baridi lilitumika kuwachuja wa kwetu. Baadhi ya vijana wetu wameanza kwenda Sunshine Tour, kina Njoroge Kibugu, wanapanda ndege wanakosa kufuzu wanarudi wanapanda tena. Kila nikiona jina la kijana wetu limekosa kufuzu Johannesburg, nafurahi kidogo, najua inasikika vibaya lakini ndo ukweli. Amepata mahali pa kushindwa.

Ila wengi wa hawa wapya siyo makedi. Ni watoto wa wanachama, au watoto waliopata wazazi wa kuwasukuma tangu wadogo, na siwalaumu hata kidogo, wanapiga mpira vizuri mno. Siku Mkenya atakaposhinda kuna uwezekano mkubwa atakuwa mmoja wao, na nitalia machozi ya furaha kama kila mtu. Lakini nitajiuliza kuhusu yule mtoto wa Jumatatu. Inawezekana kabisa tukapata bingwa wetu na geti likabaki pale pale lilipokuwa. Hilo bado linanisumbua na sina jibu lake.

Waliobeba

18 Julai 2010, siku ya kuzaliwa ya Mandela, Oosthuizen alipopita lile daraja dogo la mawe la St Andrews akiwa anaongoza kwa mbali, aliyembebea begi alikuwa Zack Rasego, Mwafrika Kusini mweusi. Jina lake liliandikwa, picha yake ipo, watu wanajua alikuwepo na alifanya nini.

Sasa rudi kwenye orodha yetu. Mwaka, mshindi, alama, nchi. Miaka ile ya Safari mapro wengi walikuwa wanachukua kedi wa hapa hapa, kwa sababu haikuwa rahisi kumleta wa kwao. Kuna mtu aliamka asubuhi Machi 1978, pengine alitembea, akalibeba begi siku nne, na akiwa kama yule mzee wa kamba basi alimwambia kijana wa Pedreña mara nyingi kwamba jicho linakudanganya, mpira unaenda bondeni. Kuna mtu alimbebea Woosnam 1986. Kuna mtu alimbebea Bembridge 1968, na 1969, na 1979, na ningependa sana kujua kama alikuwa mtu yule yule.

Hawa watu wana miaka sitini, sabini, themanini sasa. Wengine wameshaenda.

Nimeanza kuwatafuta. Naenda vibanda vya makedi asubuhi kabla hawajapangiwa mabegi, nanunua chai, nauliza nani anamkumbuka nani. Nina daftari na tayari kuna majina, mengine ya utani tu, mengine kamili, na kila jina linakuja na ubishi kati ya wazee wawili kuhusu mwaka. Sitayaandika hapa mpaka nipate ruhusa ya wenyewe au ya familia zao. Kama baba yako, babu yako, mjomba wako alibeba begi kwenye Kenya Open mwaka wowote ule kabla ya 1991, Muthaiga au Karen au kokote ilikochezwa, niambie. Nataka mwaka, nataka jina la mchezaji, na kama yupo hai nataka kukaa naye aniambie ile grini ya mwisho inakata wapi.